Matone Mawili, na Bahari Ikasomeka Eringeti

Nimeuona! Jamani, nimeuona mstari! Ilikuwa saa tatu asubuhi, jua limeshavuka vichwa vya mikakao nyuma ya nyumba, nami nimesimama uani nimefumba jicho moja kama mwindaji, jingine nimelibana kwenye kitundu cha mpira. Mle ndani kulikuwa na duara. Juu samawati, chini nyeupe, na katikati mpaka mwembamba ulionyooka kana kwamba umekatwa kwa wembe. Mpaka huo ulilala juu ya namba. Nikapiga kelele. Mke wangu akatoka jikoni na mwiko wa bugali mkononi, akidhani nyoka ameingia uani.

Si nyoka. Ni refraktometa ya chumvi, na tangu ifike haijatulia ndani ya kisanduku chake zaidi ya saa tatu. Ninaandika haya nikiwa bado sijapoa. Anayetaka hukumu ya mtu aliyetulia asubiri mwakani. Hii ni ya siku nne.

Kwanza nieleze kinachofanya mtu wa Eringeti ahangaike na chumvi ya bahari. Sisi tuko karibu kilomita sitini kaskazini ya mji wa Beni, pale barabara inapokaribia kuingia jimbo la Ituri. Huku ni kakao, msitu na mvua. Bahari iliyo karibu nasi kwa barabara ni ya Mombasa, na kuifikia lazima upite Oicha, Beni, Kasindi, uvuke Uganda yote na Kenya yote, zaidi ya kilomita 1,600. Hata hivyo sebuleni kwangu kuna kioo cha lita 60 chenye maji ya bahari. Samaki hamna. Matumbawe hamna. Kuna mawe, kuna pampu ndogo inayokula umeme wa sola, na kuna maji yanayozunguka. Watoto wa jirani wanakiita televisheni iliyozimwa. Mimi nawaambia wangoje: kwanza maji, wenyeji baadaye.

Na hapo kwenye maji ndipo penye kazi. Samaki wa baharini ana figo na mashavu ya kumsaidia kusukuma chumvi ikizidi. Tumbawe hana. Kaa mdogo wa mwambani, konokono, nyota wa bahari, hao nao chumvi ya miili yao hufuata chumvi ya maji yaliyowazunguka. Maji yakipanda nao wanapanda, yakishuka wanashuka, na wakishtuliwa ghafla wanakufa. Bahari iliyo wazi ina gramu 35 hivi za chumvi katika kila kilo ya maji. Wafugaji wa matumbawe hulenga hapo hapo, 35, na kuyumba kwa namba moja kunawakosesha raha. Sasa wewe ulijuaje kuwa ni 35 na si 31? Kwa ulimi? Ulimi wangu haujui tofauti hiyo, na wako pia haujui.

Kabla ya hapa nilikuwa na kile kipimo cha plastiki, kisanduku chembamba chenye mshale ndani. Unakijaza maji, mshale unaelea, unasoma. Siku ya kwanza kilinipa 1.023, yaani maji hayo ni mazito kuliko maji matupu kwa sehemu 23 za elfu. Nikakigonga kwa kidole. Kikanipa 1.026. Maji ni yale yale! Nikasogeza macho karibu nikaona vipovu vitatu, vidogo kama mayai ya chawa, vimeng'ang'ania mshale na kuuinua. Nikavipangusa. Wiki iliyofuata chumvi iliyokaukia kwenye ekseli ikaukaza, mshale ukawa mvivu. Tofauti kati ya 1.023 na 1.026 kwa matumbawe si mchezo: ya pili ndiyo bahari, ya kwanza ni bahari iliyonyeshewa mvua kubwa. Kile kisanduku sasa kinahifadhi misumari.

Basi yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, aliyeko Brussels, ambaye kwa miaka amevumilia maswali yangu ya usiku, akanitumia mfuko wa chumvi ya akwariamu na, kwa mshangao wangu, hiki kifaa. Kilipita Kampala, kikalala mpakani Kasindi siku mbili, kikapanda gari hadi Beni, na kikamalizia safari juu ya pikipiki kifuani mwa kijana aliyevaa koti la mvua. Nilikifungua barabarani. Sikuweza kungoja kufika nyumbani.

Ndani ya kisanduku cheusi kuna sifongo iliyochongwa, na kila kitu kimelala kwenye kitanda chake: mrija wa alumini wenye urefu wa kama shubiri, kimrija cha plastiki cha kudondoshea maji, bisibisi ndogo utadhani ni ya miwani, na kitambaa. Jina la kiwanda hakuna. Ubavuni imeandikwa tu vipimo vyake, sifuri hadi mia kwa elfu upande mmoja, na 1.000 hadi 1.070 upande mwingine, na herufi tatu zinazomaanisha kuwa kinajirekebisha chenyewe joto likibadilika kati ya nyuzi 10 na 30. Mkononi kina uzito wa kupendeza. Sehemu ya jicho inazunguka kwa ulaini, bila kukwaruza, hadi namba zinakaa sawasawa na macho yako. Za aina hii nimeziona zikiuzwa kati ya dola ishirini na thelathini. Kwa fedha hizo unapata sayansi ya Jena!

Ndiyo, Jena ya Ujerumani, ambako Ernst Abbe mwaka 1874 alieleza kwa maandishi chombo cha kupima jinsi kimiminika kinavyopinda mwanga. Jambo lenyewe unalijua tangu utotoni: chovya kijiti kwenye bilauri ya maji, kitaonekana kimevunjika pale kinapoingia. Mwanga ukitoka hewani kuingia majini hupinda. Ukiyatia maji chumvi hupinda zaidi. Kifaa hiki kina kipande cha kioo kilichokatwa mshazari. Unadondosha matone mawili juu yake, unafunika kwa kile kifuniko cha plastiki, na mwanga unaopita kwenye utando huo wa maji hufika mahali fulani na kukoma. Unapokoma ndipo panapozaliwa mpaka wa samawati na nyeupe. Chumvi ikiongezeka, mpaka unapanda. Hakuna betri. Hakuna cha kuchaji. Jua tu, na jua hapa Mungu ametujalia mvua ikitupa nafasi.

Sasa sikilizeni nilichofanya, maana nilifanya kosa ambalo karibu kila mtu hulifanya, na kosa hilo ndilo lililonifundisha kifaa chote.

Maelekezo yanasema: dondosha maji safi, geuza skrubu hadi mpaka ukae kwenye sifuri. Maji yaliyokenekwa ya dukani hayapatikani hapa, lakini mvua ya Eringeti ni maji yaliyokenekwa na mbingu. Sikuyakinga kwenye mabati. Mabati yana zinki, na zinki ni sumu kwa konokono na matumbawe hata ikiwa chembe. Nilitandaza turubai la plastiki, nikaacha mvua isafishe kwanza, ndipo nikakinga. Matone mawili, kifuniko, jicho. Nikageuza skrubu robo mzunguko. Sifuri! Safi kabisa.

Kisha nikaleta hazina yangu. Dereva mmoja wa Butembo anayekwenda Mombasa kuleta mizigo alikuwa ameniletea bidoni mbili za lita tano za maji ya bahari. Nilimsihi ateke ufukweni Likoni, upande wa bahari kuu, mbali na mifereji, na aliapa kuwa zote mbili ameziteka hapo hapo. Nikafungua ya kwanza. Harufu tu! Nikadondosha. Nikangoja nusu dakika ili maji na kioo vipate joto moja. Nikaelekeza kwenye jua.

Thelathini na sita na nusu.

Nilikaa chini. Je, bahari imezidi chumvi? Bidoni imevuja hewa, maji yakapungua njiani? Nikarudia mara tano. Ilikuwa 36 na nusu, kila mara, bila haya. Na hapa ndipo watu wengi wangeona kifaa ni kibovu, au, vibaya zaidi, wangekiamini.

Nilimpigia yaya. Akacheka, akaniuliza: hiyo mistari ndani imechorwa kwa chumvi gani? Sikuelewa swali. Chumvi ni chumvi! Kumbe sivyo. Vifaa vingi vya bei hii vimechorewa namba kwa maji ya chumvi ya mezani, sodiamu kloridi peke yake. Bahari si hiyo peke yake; ndani yake mna magnesi, salfeti, kalisi, potasi na vingine. Mchanganyiko huo unapinda mwanga zaidi kuliko chumvi ya mezani ya uzito ule ule. Maji ya bahari yenye 35 hupinda mwanga sawasawa na maji ya chumvi ya mezani yenye 36.5. Kifaa hakikusema uongo. Kiliulizwa swali la bahari kikajibu kwa lugha ya jikoni.

Naomba msomaji atulie hapa kidogo, kwa sababu hili ni tamu. Refraktometa haipimi chumvi. Haijui chumvi ni nini. Inapima mpindo wa mwanga, kisha mtu fulani kiwandani ametafsiri mpindo huo kuwa namba. Ukibadilisha kinachoyeyuka, tafsiri inapotoka. Nilithibitisha hilo kwa chai! Nilichukua chai yangu ya rangi, ile ya sukari nyingi ninayokatazwa, nikaipoza, nikadondosha matone mawili. Mpaka ukapaa, ukapita 70. Chai yenye chumvi kushinda bahari mara mbili! Mama jirani anayeuza makayabo, samaki wa chumvi, alikuwa amesimama mlangoni. Akanyosha mkono achungulie, akatazama, akanitazama, kisha akasema, "Mwanangu, hiyo mashine yako haijaonja."

Ni kweli, Mama, haijaonja.

Dawa yake ni nzuri hadi nataka kuimba. Tengeneza maji ambayo mpindo wake unajulikana kuwa sawa na wa bahari, kisha geuza skrubu hapo, si kwenye sifuri. Hesabu ni gramu 36.5 za chumvi ya mezani na gramu 963.5 za maji safi, jumla kilo moja. Maji hayo yana mpindo wa bahari ya 35. Unaweka mpaka kwenye 35, unafunga skrubu, kwisha.

Lakini gramu 36.5 unazipima wapi? Mizani ya duka letu inaruka kwa gramu hamsini. Hapo nikakumbuka mtu mmoja tu anayeheshimu gramu katika barabara hii: mnunuzi wa dhahabu. Ana mizani ndogo ya kukaa kiganjani, inasoma hadi sehemu ya mia ya gramu, lakini haibebi zaidi ya gramu mia mbili. Hakuna shida, gawanya kwa kumi. Gramu 3.65 za chumvi, gramu 96.35 za maji. Nilikausha kwanza chumvi ya paketi kwenye kikaango kikavu, maana chumvi ya huku hunywa unyevu wa hewa na unyevu una uzito. Iodini yake haina neno, ni kidogo mno kuweza kusogeza mstari. Nikaipeleka ikiwa imefungwa kwenye kipande cha nailoni.

"Unataka kuuza nini?" akauliza.

"Sitaki kuuza, mzee. Nataka kupima chumvi."

Aliniangalia kwa muda. Kisha akafuta sahani ya mizani kwa manyoya yake, kwa adabu ile ile anayowapa wachimbaji, akaniwekea sifuri. Nilidondosha punje baada ya punje. 3.58. 3.61. 3.64. Punje mbili zaidi. 3.65! Watu watatu waliokuwa wakingoja na vijiwe vyao mifukoni walisogea kutazama mtu anayepimiwa chumvi kama dhahabu. Mmoja akasema enzi za babu zake mtu alivuka mto Semliki kufuata chumvi ya ziwa Katwe, kwa hiyo si ajabu sana.

Nyumbani: matone mawili ya maji ya kipimo, ngoja nusu dakika, skrubu. Mpaka ukashuka taratibu kama jua la jioni ukatua kwenye 35. Nikapangusa, nikasuuza, nikakausha. Nikadondosha maji ya Mombasa.

Thelathini na tano. Juu ya mstari. Si karibu na mstari, juu yake! Hicho ndicho kilichonifanya nipige kelele, na ndicho kilichomtoa mke wangu jikoni.

Sasa nikitia maji ya mvua, mpaka unazama chini ya sifuri, hauonekani. Siku ya kwanza ningesikitika. Leo sijali hata kidogo. Mimi siishi kwenye sifuri. Matumbawe yangu, yakija, hayataishi kwenye sifuri. Nimekisawazisha pale nitakapokitumia, na huko kwingine kiyumbe kinavyotaka.

Mtu anaweza kuuliza: itakuwaje basi kama bahari ya Mombasa ina mchanganyiko wake, na ya Brussels, samahani, ya Ostend, ina wake? Hapa ndipo bahari inapoonyesha uungwana. Meli ya Kiingereza Challenger ilizunguka dunia kati ya 1872 na 1876 ikiteka maji, na mkemia William Dittmar akachambua sampuli 77. Matokeo yake yalitoka 1884. Alikuta kwamba chumvi ikizidi au ikipungua, uwiano wa vitu vikuu vilivyomo haubadiliki kwa kiasi cha maana. Pika mchuzi mzito au mwepesi, viungo ni vile vile. Ndiyo maana namba moja inatosha kuisimulia bahari, na ndiyo maana matone mawili yanatosha.

Maziwa yetu ya chumvi hayana uungwana huo. Katwe, lile ziwa la kreta upande wa pili wa mpaka, wilaya ya Kasese, lina kloridi, lakini pia lina salfeti na kabonati kwa wingi. Watu wamelichimba kwa karne nyingi, wanaingia ndani ya maji makali, wanavunja mabonge chini kwa vyuma, na kwenye vidimbwi vya pembeni wanaacha jua likaushe chumvi nyepesi. Kiwanda kikubwa kilijengwa pale miaka ya 1970 kwa mabomba na matangi. Maji ya Katwe yakayala mabomba, kiwanda kikafa, magofu yake bado yanasimama na kutu. Nilinunua bonge la Katwe sokoni, nikaliyeyusha kwa uwiano ule ule, nikachuja tope lake kwa kitambaa. Kifaa kilinipa namba, na namba hiyo haina maana yoyote. Ni tafsiri ya lugha moja iliyotumiwa kusoma nyingine. Msithubutu kutengeneza akwariamu ya bahari kwa chumvi ya Katwe, hata kifaa kikisoma 35 kwa tabasamu.

Makayabo je? Mama jirani alidai haki yake, na ni haki, maana yeye ndiye mtaalamu wa chumvi wa mtaa huu. Tulipima maji ya kulowekea ya mara ya kwanza, ya pili na ya tatu. Ya kwanza yalipita kabisa mwisho wa namba. Duara lote likawa jeupe, kama limepigwa chokaa. Ya pili yakasomeka, ya tatu yakasomeka chini zaidi. Nilimwonya kuwa mafuta na ute wa samaki navyo vinapinda mwanga, kwa hiyo asizichukue namba kama maandiko. Hakunisikiliza. Anachotaka yeye ni kujua maji ya tatu ya leo yako sawa na ya jana ambayo wateja waliyasifu, na kwa hilo, lazima nikiri, kifaa kinamfaa kuliko kinavyonifaa mimi.

Kwa wafugaji wa tilapia walioniuliza: mnapotia chumvi gramu mbili au tatu kwa lita kutuliza samaki wakati wa kuwasafirisha, msitegemee hiki. Kila mstari wake ni namba moja nzima, na huko chini jicho linakisia. Pimeni chumvi kwa mizani.

Kasoro zipo, na nisipozitaja mtasema nimerogwa. Usiku ni shida. Nilijaribu kwa tochi ya simu; mpaka ukawa na ukungu, ukingo mmoja wa buluu, mwingine wa zambarau, unasoma unachotamani kusoma. Subirini mchana, na mkielekeze kwenye uwazi wa anga badala ya jua lenyewe, macho hayana vipuri. Povu moja chini ya kifuniko linatosha kuchafua mpaka. Inua, futa, dondosha upya. Hicho kifuniko nacho ni plastiki nyembamba kwenye bawaba inayotia wasiwasi, nadhani ndicho kitakachovunjika kwanza. Kujirekebisha kwa joto kunafanya kazi, ila kwa subira: maji yaliyotoka kwenye ndoo ya baridi yalinidanganya kwa karibu namba moja hadi nilipongoja. Na skrubu haina kifuniko cha maana. Kilipoanguka juu ya mkeka, kimo cha goti tu, kilihama nusu namba. Kwa hiyo maji ya kipimo ninayaweka kwenye chupa ndogo ya dawa iliyofungwa sana, na kila Jumatatu nitakihakiki. Chupa ikibaki wazi maji yanapungua, chumvi inabaki, na kipimo chenyewe kinageuka mwongo.

Hilo la maji kupungua ndilo limenigeuza mtumwa wa kifaa hiki, mtumwa mwenye furaha. Joto la mabati mchana linanywa maji ya kioo changu, lakini chumvi hailiwi na hewa. Hesabu ni nyepesi: lita 60 zenye 35, zikipungua lita tatu, zilizobaki zina karibu 37. Siku tatu tu bila kuangalia! Juzi asubuhi nilipima nikakuta 36. Nikaongeza maji ya mvua, si ya chumvi, bilauri baada ya bilauri mbele ya pampu ili yachanganyike. Nikangoja saa nzima. Nikadondosha. Mpaka umerudi nyumbani kwake. Kwa miezi mingi nilikuwa nafanya kazi hii kwa imani. Sasa naifanya kwa macho, na sijui nilivyokuwa nalala.

Leo asubuhi, siku ya nne, nikafungua bidoni ya pili ya Mombasa. Nilitaka tu kuona 35 tena, kwa anasa. Matone mawili, kifuniko, nusu dakika, jicho.

Thelathini na moja.

Nikahakiki kifaa kwa maji ya kipimo: 35 barabara. Nikarudia bidoni ya kwanza: 35. Ya pili: 31, na 31, na 31. Nikampigia dereva. Alikuwa Kasindi, anangoja karatasi zake zigongwe muhuri.

"Ndugu yangu," nikamwambia, "ile bidoni ya pili hukuiteka Likoni."

"Nimeiteka Likoni, bahari ni hiyo hiyo."

"Ulikuwa kwenye mkono wa bahari unaoingia ndani. Na mvua ilikuwa imenyesha."

Simu ikakaa kimya, nikasikia injini za magari yaliyo nyuma yake kwenye foleni. Kisha akaanza kucheka.

"Niliiteka Tudor," akasema. "Mvua ya kutisha, nilikuwa na haraka. Nani alikuwepo akakuambia?"